Malkia Shingoni mwa Mwanangu

Kwa ambaye hakulipata gazeti la wiki jana, avute kigoda akae, nitamweleza mbio mbio, maana leo balaa ni nyingi kuliko nafasi niliyopewa.

Mimi ni Josia, fundi saa hapa Bariadi, na ugonjwa wangu ni sarafu. Siyo hizi za kununulia nyanya. Nakusanya sarafu za fedha za wafalme wa kale wa Uingereza, wale Waanglo-Saksoni waliotawala huko zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Ni ndogo kama kifungo cha shati na nyembamba kama ganda la hindi. Mke wangu Apolonia anaziita vifungo vya wafu.

Ugonjwa huu aliniambukiza Padre Wilfridi, Mwingereza. Alileta saa yake imesimama, akaona naweza kushika vitu vidogo bila mkono kutetemeka. Tangu hapo kila Krismasi alinipa sarafu moja. Nyingine nilizipata mwenyewe kwa kubadilishana na wakusanyaji wa kwao: wao wananitumia saa iliyokufa, mimi nawarudishia inayotembea, wao wananipa kafalme kamoja. Zote nimezitia kwenye kopo la bati la peremende, kila moja na bahasha yake.

Moja tu haikuwa yangu. Hiyo ilikuwa na uso wa mwanamke, malkia mmoja ambaye jina lake halijawahi kunikaa vizuri mdomoni, mke wa mfalme Ofa. Padre alipokuwa amelala kitanda cha mwisho alinishika mkono. "Josia, wengine wote ni wako. Malkia mtunzie dada yangu. Atamfuata mwenyewe." Nikaapa mbele ya msalaba uliokuwa ukutani.

Wiki jana mliniacha nimeinamia kopo, dada mtu yuko njiani kutoka Ulaya, na bahasha ya malkia ni tupu. Mliniacha pia nimemtuhumu Apolonia mbele ya majirani kwamba kamuuza malkia wa watu. Hilo naomba tuliruke, ingawa yeye mwenyewe hajaliruka.

Basi, mchana ule nilifunga kibanda mapema nikarudi nyumbani. Apolonia alikuwa uani anapepeta mchele. Nikamsalimu. Akapepeta kwa nguvu zaidi.

Tangu siku ya tuhuma alikuwa amehamia chumba cha mama yangu, yeye na mtoto na mito yote miwili. Nilikuwa nalalia koti.

Binti yetu Nyanjige alikuwa kwenye mkeka anajifunza kusimama kwa kushika ndoo. Aliponiona akaachia ndoo, akakaa kitako, akacheka. Huyo ndiye mtu pekee aliyekuwa ananichekea katika nyumba ile. Nikamnyanyua, na kidole changu kikagusa kijifuko cha ngozi kilichokuwa kinaning'inia shingoni mwake.

Kijifuko hicho nilikuwa nakiona tangu alipougua. Nilijua ni mambo ya mama yangu, nikafikiri ndani kuna mzizi, nikanyamaza kwa sababu mtoto alikuwa amepona na sikutaka ugomvi. Lakini vidole vya fundi saa havijui kutulia. Ndani ya ile ngozi palikuwa na kitu chembamba, kigumu, chenye ukingo wa mviringo. Sikungoja kupapasa zaidi.

"Mayu," nikaita. "Umemvisha nini mtoto?"

Mama yangu, Milembe, alitoka jikoni anajifuta mikono kwenye kanga. "Kitu chake."

"Kitu gani?"

"Unauliza na umeshakishika?"

"Hii ni sarafu yangu."

"Siyo yako. Wewe mwenyewe ulisema siyo yako. Ulisema ni ya marehemu Padre."

Nikakaa kwenye mkeka, mtoto mapajani. Apolonia akaacha kupepeta.

"Mayu, tafadhali nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu," nikamwambia.

Mama naye akakaa. Akaeleza taratibu, bila haya, kama mtu anayesimulia alivyonunua chumvi.

Mnakumbuka kwamba mtoto alipougua mimi nilikuwa Mwanza kutafuta vipuri. Hospitali walisema ni nimonia, wakamchoma sindano, wakampa dawa. Mtoto akarudi nyumbani amelegea, hanyonyi, anapumua kwa shida. Mama yangu akaenda kwa mfumu, mganga wetu wa kienyeji, akabeba kuku. Kuku akapasuliwa, mfumu akatazama ndani, akasema mwenye jina analalamika.

Mwenye jina ni bibi yangu, mama yake mama, Nyanjige wa Mwamapalala, ambaye mtoto tulimpa jina lake. Mfumu alisema bibi anasikitika kwamba jina lake limechukuliwa mkono mtupu. Anataka kitu cheupe cha fedha chenye sura ya mwanamke, mtoto avae, ndipo atamwachia apumue.

"Sasa mimi mzee ningeipata wapi fedha yenye sura ya mwanamke?" mama akasema. "Nikamkumbuka yule mwanamke wako wa kwenye kopo."

"Ukaingia chumbani kwangu."

"Ni chumba cha nyumba niliyoijenga na baba yako."

"Na mtoto akapona lini?"

"Jioni ile ile alinyonya. Muulize mama yake."

Nikamgeukia Apolonia. Nilitegemea atashangaa kama mimi. Alikuwa anachagua mawe kwenye ungo, moja moja, hanitazami.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nikakuita mwizi mbele ya watu, na ulikuwa unajua?"

"Ulinipa nafasi ya kusema? Ulipiga kelele mpaka mwenye mashine ya kusaga akazima mashine asikilize."

"Lakini wewe, Apolonia. Wewe ni wa kwaya."

"Kwaya ilikuja ikaimba ikaondoka," akajibu. "Mtoto alikuwa hanyonyi, Baba Nyanjige. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Mpaka leo najiuliza. Kilichomponya mtoto ni sindano, ni kuku, au ni malkia wa Uingereza? Mimi nafungua saa naona gurudumu lililokwama. Mtoto huwezi kumfungua ukaona.

"Mayu," nikasema kwa upole, "mwenye sarafu anakuja keshokutwa. Amepanda ndege. Mvue mtoto, nitamtafutia kitu kingine cha fedha, kizuri zaidi."

"Aliyemvisha ndiye anayemvua," mama akasema. "Na mimi simvui mpaka meno yake yatimie. Ndivyo nilivyoambiwa."

Nikamfungua mtoto mdomo. Palikuwa na meno mawili chini na ncha ya moja juu.

Nitasema ukweli, maana hapa ndipo mahali pake. Mama aliporudi jikoni na Apolonia alipoenda kuchota maji, niliingia ndani nikachukua wembe. Nilikaa karibu na mtoto wangu, nikashika ile kamba, nikaingiza wembe chini yake. Yeye akashika kidole changu akakitia mdomoni, akaking'ata kwa yale meno yake. Nikaurudisha wembe mfukoni. Sikuwa na nguvu ya kukata wala ya kuacha. Nilikaa pale kama mzigo uliosahauliwa stendi.

Ndipo nikasikia gari linasimama nje.

Ilikuwa gari nyeupe ya kukodi kutoka Mwanza. Dereva akafungua mlango wa nyuma, akashuka mwanamke mzee wa Kizungu, mwembamba, fimbo mkononi, kofia ya nguo kichwani. Keshokutwa ilikuwa imekuja leo.

"Hodi wenyeji," akasema.

"Karibu, Bibi."

Mama alikuwa ametoka kuona ni nani. "Mwadila," akasalimu, kwa mazoea tu.

"Mwadila, mayu," yule mzee akajibu.

Mama alibaki mdomo wazi. Kumbe Bibi Edith, ndilo jina lake, ujana wake aliufanyia uuguzi kwenye hospitali ya misheni huku huku Usukumani, kabla ya kaka yake kuja kuwa padre. Kiswahili chake kilikuwa cha zamani na safi, kila neno limekaa mahali pake kama nguo zilizopigwa pasi. Kisukuma kilikuwa kimebaki cha salamu tu, lakini kwa mama yangu hiyo ilitosha. Akatolewa kiti kizuri, akaletewa maji ya kunawa, akachinjiwa kuku kabla sijajua nitamwambia nini.

"Nimewahi," Bibi Edith akasema. "Daktari wangu hakutaka nije kabisa. Nimeona nisikae sana Mwanza nikampa nafasi ya kupiga simu."

"Unaumwa, Bibi?"

"Nimezeeka na ninaumwa. Vyote viwili." Akatabasamu. "Bwana Josia, nionyeshe sarafu."

Nikaleta kopo. Nikamwekea kitambaa cheusi mapajani na lenzi yangu ya kazini.

Nikaanza na zile zangu. Sijui nilikuwa nangoja nini. Labda nilifikiri mbingu itafunguka. Alizishika vizuri, kwenye kingo tu, wala hakuzisugua, na kila moja alijua habari yake. Alinisifu kwamba sikuzing'arisha. Kwa dakika chache nilisahau shida zangu, maana hapa Bariadi sina mtu wa kuongea naye habari hizi. Nikieleza kibandani watu hunisikiliza kwa adabu halafu huuliza kama saa yao iko tayari.

Nikamkabidhi ya mwisho. Akaiweka lenzi jichoni.

"Ah, mfalme Ofa," akasema. "Hujambo, mzee." Akaigeuza, akaitazama nyuma, akairudisha kwenye bahasha. Kisha akanyoosha kiganja. "Na mke wake yuko wapi?"

Nikafunika kopo taratibu.

"Bibi," nikasema, "kabla sijakujibu, nakuomba uniambie kitu kimoja. Kwa nini huyo? Padre alinipa wote, akamzuia huyo mmoja kwa ajili yako."

Aliinua uso akanitazama. Nafikiri alishajua kuna jambo, ila hakunisukuma.

"Tulikuwa watoto," akasema. "Baba yetu analima na trekta, sisi tunafuata nyuma, tunaokota vitu. Mimi ndiye niliyeiona. Kilikuwa kitu kidogo kinang'aa kwenye udongo. Lakini Wilfridi alikuwa na miguu mirefu, akaiwahi. Baba akasema aliyeokota ndiye mwenye mali. Nikalia wiki nzima. Maisha yetu yote tulikuwa tunagombania yule malkia, kwa utani, unaelewa, lakini utani wenye kaukweli ndani yake. Mwaka aliokufa alinipigia simu. Akasema, Edith, wewe ndiye uliyemwona. Njoo umchukue."

Akakinyoosha kile kitambaa cheusi mapajani.

"Sina mume, sina mtoto, na kaka nilikuwa naye huyo mmoja. Nikizikwa nataka wanizike nimemshika mkononi. Ndiyo maana nimekuja, Bwana Josia. Sina jambo jingine."

Ningeweza kudanganya. Ningesema ameibwa, na yule mzee angerudi kwao na kulia peke yake, na mimi ningeendelea kulalia koti. Lakini Nyanjige alikuwa ametambaa mpaka miguuni pa mgeni, amesimama kwa kushika fimbo yake, na kile kijifuko kilikuwa kinacheza mbele ya macho yetu sote.

"Yuko hapo," nikasema. "Malkia yuko hapo shingoni mwa mwanangu."

Nikamweleza yote, nimonia, kuku, bibi yangu wa Mwamapalala, meno. Sikujitetea. Bibi Edith alisikiliza mkono wake ukiwa kichwani kwa mtoto. Hakukasirika. Afadhali angekasirika, maana nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, wala sikuwa nimejiandaa kuona machozi ya mzee.

"Mtoto alipona?" akauliza.

"Alipona."

"Basi," akasema. "Basi." Akatafuta leso kwenye mkoba wake.

Aliyesimama alikuwa mama yangu. Alikuwa amekaa kizingitini muda wote, akisikiliza Kiswahili chetu.

"Huyu mgeni anasema marehemu kaka yake ndiye aliyemwita aje?" akaniuliza kwa Kisukuma.

"Ndiye, mayu."

"Wewe uliniambia ni ya marehemu. Hukuniambia marehemu alimpa mtu."

"Nilisema namtunzia."

"Ulisema unatunza, hukutaja unamtunzia nani." Akatikisa kichwa. "Mwenye kufa akishampa mtu kitu chake, kikizuiliwa ni hatari kuliko nimonia. Kumbe naye ana marehemu wake anayemsumbua. Lete wembe, ng'wanone, mwanangu. Najua unao mfukoni, nilikuona dirishani."

Nikautoa wembe. Uso ulinichoma kwa aibu, lakini furaha ilizidi. Nilimtazama Apolonia, aliyekuwa amerudi na maji na kushika tena ungo wake, naye kwa mara ya kwanza tangu siku ya tuhuma akanitazama. Nikajua leo yamekwisha. Bibi atapata malkia wake, mimi nitapata mto wangu.

Mama akampakata mjukuu wake, akanong'ona maneno ya Kisukuma ambayo sikuyasikia yote, akamtaja mama yake kwa jina. Akaikata kamba. Akakata mshono wa ngozi, uzi mmoja baada ya mwingine. Akakigeuza kijifuko juu ya kiganja changu.

Ikaanguka nusu.

Sikuelewa. Nikakipapasa kile kijifuko, nikakigeuza nje ndani, nikachungulia mkekani. Ilikuwa nusu ya sarafu, mviringo upande mmoja na upande wa pili umenyooka, umekatwa safi. Nikaitambua hata alama ya makali. Ulikuwa ni mkasi wangu mwenyewe wa kukatia chuma cha saa.

"Mayu," nikasema. "Nusu nyingine?"

"Kwa mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mama yangu. Aliomba kitu, ningempa mtoto peke yake, yeye nikamnyima? Ni kitu cha kugawana. Tuligawa. Nilienda Mwamapalala nikachimba kidogo pale kichwani pa kaburi lake, nikampa yake."

Nikaweka lenzi jichoni ingawa sikuwa na haja. Malkia yule alichorwa kwa ubavu, uso unatazama upande mmoja, nywele za mawimbi zimeshuka upande wa pili. Kwenye kiganja changu kulikuwa na nywele tu.

"Na uso?" nikauliza.

"Uso nilimpa mwenye jina. Wewe ungempa mama yako kisogo?"

Nikamtafsiria Bibi Edith yale ya Kisukuma aliyokosa. Niliposema neno nusu, nilimwona akifumba macho. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Alicheka, kicheko kidogo cha kukohoa.

"Zamani kwetu walikata sarafu hivyo hivyo," akasema. "Wakitaka chenji walichukua mkasi wakakata katikati. Wilfridi angefurahi sana." Kicheko kikaisha. Akanyoosha tena kiganja chake. "Nipe hiyo, Bwana Josia. Na kesho nakuomba unipeleke kwenye hilo kaburi. Ninataka uso wake."

Mama alikijua Kiswahili cha kutosha kuelewa neno kaburi. Akasimama, mtoto begani.

"Mwambie mgeni ninamheshimu," akasema. "Mwambie yeye anataka kuzikwa nayo, na mama yangu ameshazikwa nayo. Atakayechimba pale aanze na mimi kwanza."

"Mayu, ni juu juu tu, hatutagusa..."

"Nimesema."

Nilikuwa katikati ya wazee wawili, kila mmoja na maiti wake, na wote wawili wana haki. Niwaambie nini? Fundi wa kutengeneza jambo kama hili hajazaliwa Bariadi.

Hapo ndipo Nyanjige alipokohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo. Tungekuwa hatujakata kamba, pengine hakuna ambaye angekisikia. Apolonia alitupa ungo, mchele ukamwagika uani kote. Akamchukua mtoto kutoka begani kwa mama, akamgusa paji la uso, akamgusa mgongo, akaweka sikio kifuani pake.

"Ni vumbi la gari," nikasema.

Nikasogea, ile nusu bado ngumini mwangu, nikaweka mkono wa pili shingoni mwa mwanangu, pale pale kamba ilipokuwa imeacha alama. Palikuwa na joto. Sikujua kama ni joto la jua, au la mkono wangu, au ni lile lile la siku zile. Nikamtazama Bibi Edith, nesi wa zamani, aseme kitu. Alikuwa anamtazama mtoto, midomo imekauka, lakini kiganja chake kilikuwa bado kiko wazi mbele yangu.

Apolonia naye akafungua kiganja chake.

Tangu tupate mtoto, mke wangu hajawahi kuniita kwa jina langu. Hata siku ile nilipomwita mwizi, aliniita Baba Nyanjige.

"Josia," akasema. "Mrudishie mwanangu kitu chake."